Kijana wa Duka na Ufunguo wa Sefu

Mwenye duka humkabidhi kijana wake ufunguo wa stoo, lakini ufunguo wa sefu hubaki mfukoni mwake mwenyewe. Mafundi wa kompyuta walichukua miaka mingi kulitekeleza jambo hili.

Mwaka 1966, katika chuo cha MIT huko Marekani, watu wengi walikuwa wakitumia kompyuta moja kupitia mfumo ulioitwa CTSS. Siku moja wasimamizi wawili walihariri mafaili kwa wakati mmoja: mmoja tangazo la siku, mwingine orodha ya maneno ya siri. Programu ya kuhariri ikatumia faili lilelile la muda kwa wote wawili, na mambo yakachanganyika. Kila aliyeingia kwenye mfumo akaonyeshwa maneno ya siri ya wenzake wote! Mwizi hakuwepo.

Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder, wa chuo hicho hicho, walieleza kanuni mbili ninazozipenda: kila programu ipewe ruhusa inayoitosha kwa kazi yake tu, na pasipo na kibali jibu liwe hapana.

Lugha ya Java, ilipotoka mwaka 1996, ilikuwa na mlango mmoja tu. Programu ndogo iliyoletwa na mtandao ilifungiwa. Iliyokuwa tayari ndani ya mashine iliaminiwa kwa lolote. Desemba 1998, toleo la 1.2 lilibadili hesabu. Sasa ruhusa ikawa kitu kamili kinachoundwa ndani ya programu, chenye aina yake, jina la faili, na kitendo: kusoma, kuandika au kufuta. Faili likitakiwa, huundwa kibali kinachohitajika, kisha hulinganishwa na vibali vilivyokwisha kutolewa. Tena waliotumana hukaguliwa wote. Mwenye kibali kidogo akimtuma mwenye kibali kikubwa, hapati zaidi ya chake, isipokuwa yule mkubwa atamke wazi kwamba anabeba dhamana.

Kwa maoni yangu, ulikuwa ufundi wa hali ya juu. Ila kuorodhesha vibali kimoja kimoja kunachosha, na Java yenyewe iliweka kibali kimoja cha kila kitu, yaani ufunguo wa sefu kwa kijana wa duka. Walioutumia ulinzi huo ipasavyo walikuwa wachache, na kuutunza kulikuwa na gharama. Mwaka 2021, katika toleo la 17, watunzaji wa Java walitangaza kwamba utaondolewa. Mwaka 2025, katika toleo la 24, wakauzima kabisa.