Arosto ya Shangazi

Shangazi yangu alianguka jikoni kwake Likoni, sufuria ya chai ikiwa mkononi. Alikuwa na miaka 58 na hajawahi kushikwa na kifafa maishani. Hospitalini walimpima malaria, wakampima sukari, kisha kwenye kile kijitabu cha mazoezi tunachonunua langoni wakaandika neno moja tu: kifafa. Tangu siku hiyo majirani hawamwachii mtoto ambebe.

Ambacho hakikuandikwa ni kwamba tangu azike mume wake, miaka 9 nyuma, alikuwa akimeza Valium kila usiku. Mara ya kwanza aliandikiwa na daktari. Baadaye duka la dawa likawa linamuuzia tu, bila maswali. Kisha duka likafungwa, vidonge vikaisha, na wiki haikupita kabla hajaanguka. Hakuna aliyemuuliza anameza nini. Naye hakusema, maana kwake dawa za kulevya ni zile za vijana wa maskani. Yake ilikuwa ya usingizi.

Mimi nilikuja kuunganisha mambo haya baadaye sana. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo, nikajiandikisha kwa kozi ya mtandaoni ya kugeuza faili za hospitali za Marekani kuwa misimbo. Zoezi moja lilihusu mama aliyeacha ghafla dawa za usingizi: mikono inatetemeka, jasho, halali. Jibu lilikuwa F13.230. Nikaiangalia namba hiyo nikamwona shangazi. Basi nikaanza kutafuta ilikotoka.

Mtindo wa kuyapa magonjwa namba ni wa kale kidogo. Mwaka 1893 Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha Chicago orodha ya visababishi vya vifo, ili nchi mbalimbali zihesabu wafu wao kwa lugha moja. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani likaichukua orodha hiyo, na sasa ikahesabu magonjwa ya walio hai pia.

Dawa zenyewe zilikuwa zimetangulia. Veronal, ya kwanza katika jamii ya babitureti, iliingia sokoni mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa miongo kadhaa madaktari walibishana: mtu akiziacha akashikwa na kifafa, je, ni dawa au ni ugonjwa wake wa tangu zamani? Mwaka 1950 Harris Isbell na wenzake walitoa jibu huko Lexington, Kentucky, katika hospitali ya serikali iliyofungia wafungwa waliotumia mihadarati. Waliwapa wanaume 5 babitureti kwa miezi, kisha wakazikata ghafla. Kifafa kikaja, na kuweweseka kukaja. Ushahidi ulipatikana, ila ulipatikana kwenye miili ya wafungwa, na hilo nalo tulikumbuke.

Mwaka 1960 ikaja Librium, na 1963 Valium, zote za kampuni ya Roche, zikisifiwa kuwa salama kuliko babitureti. Lakini kufikia 1961 Leo Hollister alikuwa ameshawaachisha ghafla wagonjwa 11 waliokuwa kwenye dozi kubwa za Librium. Kumi kati yao walipata dalili mpya, na wawili wakashikwa na kifafa. Watu wakajiambia, aah, hiyo ni dozi kubwa. Ilibidi kungoja hadi 1981, Hannes Petursson na Malcolm Lader wa London walipoonyesha kwamba hata wagonjwa waliomeza dozi ya kawaida, kama walivyoandikiwa na daktari, walipata arosto walipoacha. Hao ndio kina shangazi.

Orodha ya kumi ya magonjwa iliidhinishwa 1990, na Marekani ilianza kutumia toleo lake hospitalini tarehe 1 Oktoba 2015. Hebu tuisome namba ile polepole. F ni sura ya matatizo ya akili na tabia. 13 ni dawa za kutuliza na za usingizi. 2 ni utegemezi, 3 ni arosto. Tarakimu ya mwisho inasema arosto ilikuwaje: 0 haikuwa na matatizo mengine, 1 ilileta kuweweseka, 2 mgonjwa aliona au kusikia visivyopo, 9 daktari hakueleza.

Kozini tulionywa kitu kimoja: anayeandika msimbo haruhusiwi kukisia. Hata ukiona wazi kwenye faili kwamba vidonge viliisha Jumatatu na mtu akaanguka Jumamosi, kama daktari hakuandika kwamba hiyo ni arosto, huwezi kuweka F13.23. Unamrudishia daktari swali. Na akitaja matumizi na arosto bila kutaja utegemezi, namba inakuwa nyingine, F13.93. Neno moja la daktari linaamua mgonjwa ataingia kundi gani.

Ndiyo maana neno hilo lichaguliwe vizuri. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013 unasema wazi kwamba arosto ya mtu aliyetumia dawa alivyoelekezwa na daktari haihesabiwi kama dalili ya uraibu. Mwili kuzoea dawa ni jambo moja, uraibu ni jambo lingine.

Nilimweleza shangazi haya yote Krismasi iliyopita. Alinikatiza kabla sijamaliza.

"Mwanangu, mimi si teja."

"Najua, shangazi. Hata vitabu vinasema hivyo."

Alinyamaza kidogo, kisha akaingia chumbani akatoka na kile kijitabu. Akaniuliza kama mtu anaweza kurudi hospitalini akaomba waongeze mstari mmoja. Nikamwambia twende tukajaribu. Kliniki ni Alhamisi. Nitampeleka, na safari hii tutaanza kwa kusema alikuwa akimeza nini.