Habari za Mipaka ya Bariadi na Majimbo ya Simiyu

Neno mpaka katika Kiswahili lina kazi mbili. Kwanza ni jina la kitu, yaani mahali nchi moja inapoishia na nyingine inapoanzia. Pili ni neno la kupimia safari au wakati, kama tusemapo, "Alikwenda mpaka mtoni," au "Alingoja mpaka jioni." Twaona maana hizi mbili zafaa kuwekwa pamoja mwanzoni mwa habari hii, kwa sababu mipaka ya nchi ya Bariadi haikukaa mahali pamoja tu, imekwenda pamoja na wakati. Na sisi tunaofundisha watoto habari za nchi yao hatuna budi kuijua safari hiyo, tusije tukawafundisha kwamba mistari iliyo kwenye ramani ya leo iliumbwa pamoja na milima na mito.

Tumfikirie mzee aliyezaliwa Itilima mwaka 1945, na ambaye hakuhama hata mara moja katika maisha yake. Alipozaliwa, nyumba ya baba yake ilikuwa katika wilaya ya Maswa, Jimbo la Ziwa, nchi ya Tanganyika. Alipokuwa kijana, palikuwa Maswa, mkoa wa Shinyanga. Alipokuwa mtu mzima akaambiwa kwamba yu mtu wa wilaya ya Bariadi. Na alipokuwa mzee akaambiwa kwamba yu mtu wa wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu. Minyaa iliyozunguka boma la baba yake haikusogea hata hatua moja. Mipaka ndiyo iliyompita yeye, naye amekaa palepale.

Tuanze na siku za kale. Nchi hii ilikuwa na watemi wengi, kila mmoja na watu wake. Katika upande huu wa mashariki wa Usukuma walikuwapo watemi wa Ntuzu, Itilima, Kanadi, Dutwa, Meatu, Mwagala na wengineo. Mji wa Bariadi umo katika nchi ya Ntuzu, na hata leo wenyeji wake huitwa Wanyantuzu. Chini ya mtemi walikuwapo wanangwa, kila mmoja na gunguli lake. Neno mtemi lenyewe latoka katika kutema, yaani kukata. Wazee wengine husema kwamba ndiye aliyetangulia kukata pori ili watu wakae. Wengine husema kwamba ndiye akataye maneno watu wanaposhindana. Tafsiri zote mbili zafaa, kwa maana aliyekata pori ndiye aliyejua mwisho wa nchi, naye ndiye aliyekata shauri la mpaka.

Lakini tuangalie jambo moja. Utemi ulihesabiwa kwa watu kuliko kwa mistari. Kati ya utemi na utemi mara nyingi palikuwa na pori, na pori halikupimwa kwa kamba. Mtu aliyehama akajenga kwa mtemi mwingine alikuwa amebadili utemi. Mipaka iliyojulikana sana ilikuwa ile midogo: mpaka wa shamba, mpaka wa boma, na mpaka wa ngitili, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Hiyo ilijulikana kwa miti, kwa mawe na kwa ushuhuda wa wazee.

Wadachi walipotawala, nao Waingereza baada yao, ilihitajiwa mistari ya kuandikwa. Sheria ya mwaka 1926, katika siku za Gavana Donald Cameron, iliwapa watemi kazi ya kutawala chini ya serikali. Basi, mtemi akitakiwa kukusanya kodi na kuamua kesi, ni lazima ijulikane kodi ya nani ni yake, na kesi ya nani si yake. Hivyo mpaka wa watu ukageuka kuwa mpaka wa ardhi. Utemi mbalimbali ukakusanywa katika wilaya, na wilaya katika jimbo. Baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945, serikali iliwaunganisha watemi wa Usukuma wote, yapata 50, katika baraza moja kubwa lililokuwa na makao yake Malya. Ntuzu na Itilima walikuwa humo kwa njia ya wilaya ya Maswa. Kisha uhuru ukapatikana mwaka 1961, na mwaka 1963 sheria ikafuta mamlaka ya watemi. Majina ya nchi zao yalibaki, kama mashina ya mti uliokatwa, na tutaona jinsi mashina hayo yalivyochipuka tena.

Hapa twataka kusema kidogo juu ya neno jimbo, maana huwachanganya vijana. Katika siku za Waingereza jimbo lilikuwa eneo kubwa lenye wilaya nyingi. Jimbo la Ziwa lilienea pande zote za Mwanza na Musoma pamoja na Maswa. Baada ya uhuru majimbo yale yaligawanywa, nayo maeneo mapya yakaitwa mikoa. Neno jimbo lilipokwisha kazi hiyo, likabaki na kazi ya uchaguzi: eneo lenye haki ya kumpeleka mbunge. Katika Kanisa Katoliki nalo lamaanisha eneo la askofu, na huko pia mambo hubadilika, kwa kuwa Jimbo la Maswa lilipewa jina la Shinyanga mwaka 1956. Basi msomaji akutanapo na neno jimbo katika kitabu, na aulize kwanza kitabu hicho ni cha mwaka gani.

Sasa tuje katika uchaguzi. Uchaguzi wa kwanza wa baraza la kutunga sheria la Tanganyika ulifanyika kwa sehemu mbili, mwaka 1958 na mwaka 1959. Nchi yote iligawanywa katika majimbo 10 tu, na kila jimbo lilitoa wajumbe watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mpiga kura alitakiwa kuwachagua wote watatu. Tena si kila mtu aliyepiga kura. Ilitakiwa awe na umri wa miaka 21, na zaidi ya hayo awe na mapato ya paundi 150 kwa mwaka, au awe amesoma hadi darasa la nane, au awe na cheo cha namna fulani. Walimu walikuwa miongoni mwa wachache waliopita katika mlango huo mwembamba. Mkulima wa pamba wa Ntuzu, aliyelisha nyumba yake na kulipa kodi, mara nyingi alibaki nje.

Mwaka 1960 viti vya kuchaguliwa vilifika 71, na TANU ilipata 70. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, Tanganyika ilikuwa na majimbo 107. Karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili, mmoja akitambulikana kwa jembe na mwingine kwa nyumba. Hivyo katika miaka michache eneo la mbunge mmoja lilipungua sana, hata mbunge akaweza kujulikana kwa uso.

Utawala nao uliendelea kukata maeneo. Wilaya ya Bariadi ilitolewa katika Maswa miaka ya 1970, na Meatu nayo ikatolewa humo miaka ya 1980. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, na uchaguzi wake wa kwanza ukafanyika mwaka 1995, wilaya ya Bariadi ilikuwa na majimbo mawili, Mashariki na Magharibi. Yafaa kukumbuka kwamba kuanzia 2005 hadi 2015 majimbo haya ya wilaya moja yalisema maneno tofauti: Mashariki iliwakilishwa na John Momose Cheyo, mwenyekiti wa chama cha UDP, na Magharibi iliwakilishwa na Andrew Chenge wa CCM, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kabla ya hapo. Kama wilaya ile ingalikuwa jimbo moja, sauti moja ingalimezwa na nyingine. Mstari uliopita katikati ndio uliofanya zote mbili zisikiwe bungeni.

Machi 2012 mkoa wa Simiyu ulizaliwa, pamoja na Geita, Katavi na Njombe. Maswa, Meatu na Bariadi zilitolewa katika Shinyanga. Itilima ilikatwa katika Bariadi. Na Busega ilitolewa katika Magu ya mkoa wa Mwanza. Makao ya mkoa yakawa Bariadi. Jina lilichukuliwa katika mto Simiyu, na kwa ajabu mto huo humwaga maji yake ziwani katika Magu, nje ya mkoa unaoitwa kwa jina lake. Twaona pia kwamba majina ya kale ya Itilima na Meatu yamerudi kuwa majina ya wilaya. Ndiyo mashina tuliyoyataja. Na katika uchaguzi wa 2015 majina ya Bariadi Mashariki na Bariadi Magharibi hayakutumika tena. Wapiga kura walikutana na majimbo ya Itilima na Bariadi.

Sasa tufanye hesabu, kwa kuwa jambo hili halieleweki bila hesabu. Katika sensa ya mwaka 2012 Bariadi, mji pamoja na vijiji vyake, ilikuwa na watu 422,916, Maswa 344,125, Itilima 313,900, Meatu 299,619, na Busega 203,597. Jumla ya mkoa ni 1,584,157. Majimbo baada ya 2015 yalikuwa 7: Bariadi, Itilima na Busega moja moja, Maswa mawili, Mashariki na Magharibi, na wilaya ya Meatu mawili, Meatu na Kisesa. Ukigawanya, utaona kwamba wilaya ya Meatu ilikuwa na mbunge mmoja kwa watu wapatao 150,000, na Maswa mmoja kwa watu wapatao 172,000, lakini Bariadi mmoja kwa watu zaidi ya 422,000. Maana yake ni kwamba watu karibu watatu wa Bariadi walikuwa na sauti ya mtu mmoja wa Meatu. Hakuna aliyepiga kelele, wala hakuna aliyeiba kura. Mistari tu ilibaki mahali pake, na watu wakaongezeka.

Jambo hili si la Usukuma peke yake. Huko Uingereza, kabla ya sheria ya mwaka 1832, mahali paitwapo Old Sarum palikuwa pamebaki karibu bila watu, lakini palipeleka wabunge wawili. Na mji mkubwa wa Manchester haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1812 Gavana Elbridge Gerry alitia sahihi sheria iliyokata maeneo ya uchaguzi kwa faida ya chama chake. Eneo moja lilipindapinda hata watu wakalifananisha na mjusi, na jina la gavana yule likabaki kuwa jina la hila hiyo mpaka leo. Twajifunza kwamba mpaka waweza kudhulumu kwa njia mbili: kwa kusogezwa kwa hila, na kwa kuachwa bila kusogezwa watu wanapoongezeka.

Kwa sababu hiyo Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 75, imeipa Tume ya Uchaguzi kazi ya kuchunguza mgawanyo wa majimbo angalau kila baada ya miaka 10, ikiangalia hesabu ya watu, njia za mawasiliano na hali ya nchi, na kuyagawa kwa kibali cha Rais. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba watu wa Simiyu wamefika 2,140,497, yaani wameongezeka kwa 556,340 katika miaka 10. Mwezi wa Mei 2025 mwenyekiti wa Tume, Jaji Jacobs Mwambegele, alitangaza majimbo mapya 8 kwa nchi nzima, na moja kati yake ni Bariadi Mjini, lililokatwa katika jimbo la Bariadi. Hivyo majimbo ya nchi yakawa 272, na ya Simiyu yakawa 8. Uchaguzi wa Oktoba 2025 ulikuwa wa kwanza kwa mpaka huo.

Wako waliosema kwamba mbunge mmoja zaidi ni gharama moja zaidi. Neno hilo lina uzito, wala hatulidharau. Lakini tupime upande wa pili. Mtu wa mjini ana haja ya maji ya bomba, soko na mitaro; mtu wa kijijini ana haja ya bei ya pamba, malisho, na ulinzi wa shamba lake dhidi ya wanyama watokao Serengeti. Mbunge mmoja mwenye mizigo yote miwili huenda akaubeba ule ulio karibu na mlango wake. Tena wako wanaohofu kwamba kijiji kikitengwa na mji kitasahauliwa. Hofu hiyo haiondolewi na ramani. Huondolewa na watu wanaohudhuria mikutano, wanaouliza, na wanaojua ni nani wa kuulizwa.

Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Tuwafundishe watoto kuchora ramani ya wilaya yao, kisha tuwaagize waende kwa wazee wakaulize: Babu, ulipozaliwa hapa paliitwaje? Mtemi alikuwa nani? Ulipiga kura ya kwanza wapi? Wayaandike majibu yale kabla wazee hawajaondoka, maana mengi ya hayo hayamo katika kitabu chochote. Na baada ya hayo wagawanye hesabu ya watu kwa hesabu ya wabunge, kama tulivyofanya hapa, kila sensa mpya itokapo. Mtoto ajuaye hesabu hiyo atajua siku ambayo mpaka umekuwa mkongwe, naye atakwenda kusema.