UZI: Chumba cha mabati uani ni cha nani?

1/ Siasa za Nairobi zikipamba moto, nyumba za zamani za kaunti kule Eastlands hurudi midomoni: zibomolewe, zijengwe ghorofa. Halafu mtu anauliza, na wale wa mabati pale nyuma je? Kabla hatujarushiana maneno, turudi kwenye historia kidogo.

2/ Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni ilimwona Mwafrika mjini kama kibarua wa kupita. Apewe pa kulala, mke na watoto wabaki mashambani. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ilikuwa tofauti: nyumba za familia, uwanja wa nyasi, ukumbi wa kijamii. Lakini mwenye nyumba alikuwa baraza, na mkaaji akabaki mpangaji.

3/ Uhuru ukaja 1963, watu wakaingia mjini kwa wingi. Watoto wa Kaloleni wakakua, wakaoa. Binamu wakatoka ushago. Nyumba ni ile ile, nafasi iko uani tu. Kikajengwa chumba cha mabati cha kijana. Kisha cha pili, hiki cha kukodisha.

4/ Baraza lilijua? Jameni, mabati hayafichiki. Lilinyamaza tu. Kodi ilikuwa ya chini, ukarabati ulikuwa haba, hakuna aliyetaka kuanzisha ugomvi.

5/ Sasa linganisha na Dandora. Mradi ule wa miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulimpa mtu ploti yenye choo na maji, ajenge vyumba mwenyewe polepole. Kukodisha vingine kulikuwa ndani ya hesabu, ili kodi isaidie kulipa deni. Yaani nyongeza ilipangwa na ikaandikwa. Usimamizi ulipolegea baadaye, ghorofa zikabanana. Kwa hivyo karatasi bila ukaguzi pia haitoshi.

6/ Wenye nyumba wana hoja zao: choo kimoja kinazidiwa, stima inaunganishwa ovyo, moto ukishika unaruka bati hadi bati. Ni kweli kabisa. Lakini kunyamaza hakujazima moto wowote.

7/ Anayeumia zaidi ni nani? Siku ya kuhesabu wanaohamishwa, daftari lina jina la mpangaji wa nyumba kubwa. Mama anayemlipa huyo mpangaji kodi ya chumba cha uani hana jina popote. Na Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya makazi. Hakikusema kila aliye kwenye daftari.

8/ Msimamo wangu: mwenye nyumba aruhusu, lakini kwa maandishi. Ukubwa, vifaa, choo, ukaguzi, na jina la anayelala humo. Kama hataki, aseme kabla bati la kwanza halijapigiliwa, asingoje miaka hamsini alete tingatinga.

9/ Mgombea akikuahidi nyumba mpya Eastlands, muulize swali moja: orodha yako inaishia mlango wa mbele, ama inafika uani?