Gwaride na Nia katika Ngoma ya Beni

Mwendo wa watu haufahamiki kwa kutazama miguu peke yake. Hatua ile ile huweza kuwa utii mahali pamoja na fahari mahali pengine, kwa kadiri ya nia ya wanaokwenda na ya wale wanaokusudiwa kutazama. Jambo hili ladhihirika katika historia ya beni, ngoma iliyoanza katika miji ya Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890.

Jina lake limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi, na umbo lake limetokana na gwaride: mistari iliyonyoka, vifua mbele, na kugeuka wote pamoja kwa amri. Kambini, mwendo huo ulikuwa wa kumfundisha askari kutii bila ya kuuliza. Katika beni nia iligeuka. Walioandamana walijitahidi kwenda sawasawa ili wapinzani wao waone, kwani beni ilikuwa mashindano. Huko Mombasa, Kingi walishindana na Skochi kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa karamu. Wakubwa wa chama walipewa vyeo vya kijeshi, na mtu aliyekuwa karani au mtumishi tu mbele ya serikali aliweza kupita njiani kwa mwendo wa jenerali.

Vita vya 1914–1918 viliieneza ngoma hiyo hata bara. Askari na wapagazi waliipeleka Tanganyika na Nyasaland, na vyama vya Marini na Arinoti vikasimama katika miji mingi. Marini aghalabu walikuwa watu wa hadhi zaidi, na Arinoti watu wa hali ya chini. Vyama hivyo viliwasaidia wagonjwa na kuwazika waliofia ugenini. Hivyo aliyesimama mstarini aliwatangazia watu kwamba anao wenzi.

Baada ya vita maofisa wa Kiingereza waliochunguza beni waliingiwa na shaka ya njama. Wengine waliona kuigiza Wazungu tu. Wote walihukumu kwa umbo. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975, alionyesha kwamba beni ilijengwa juu ya mashindano ya mitaa ya pwani yaliyokuwako kabla yake. Gwaride liliazimwa kwa wageni; shindano lilikuwa la wenyeji, nalo ndilo lililoziongoza hatua.