51826 Kalpanachawla

51826 Kalpanachawla ni asteroidi ya ukanda mkuu, yaani ukanda uliopo kati ya njia za sayari Mirihi na Mshtarii. Imepewa jina kwa heshima ya Kalpana Chawla, mwanaanga Mmarekani aliyezaliwa Karnal, Uhindi.

Ugunduzi

Iligunduliwa Julai 2001 katika paoneaanga pa Palomar, California, na mradi wa NEAT. Mradi huo ulitafuta hasa asteroidi zinazopita karibu na Dunia, lakini darubini inayopiga picha za anga pana hunasa pia nyingi za ukanda mkuu, ambazo hazitukaribii kamwe. Asteroidi hutambuliwa kwa kulinganisha picha za usiku mmoja: nyota hubaki palepale, nukta ya asteroidi husogea. Hii ni ndogo mno kuonekana kwa macho matupu, kwani kipenyo chake kilikadiriwa kuwa kilomita chache tu.

Jina

Asteroidi hupewa namba njia yake ikishajulikana vizuri. Jina huja baadaye. Jina lisizidi herufi 16, na hupendelewa liwe neno moja, ndiyo maana majina mawili ya mwanaanga huyu yameunganishwa. Asteroidi saba zenye namba 51823 hadi 51829 zilipewa mwaka 2003 majina ya wanaanga saba waliokufa pamoja katika chombo cha angani Columbia. Wale saba wa Challenger, waliokufa 1986, walikuwa wamekwisha kupewa namba 3350 hadi 3356.

Kalpana Chawla

Alisomea uhandisi wa ndege Chandigarh, kisha akapata shahada ya uzamivu Colorado mwaka 1988. Mwaka 1997 akawa mwanamke wa kwanza mzaliwa wa Uhindi kufika anga-nje.

Safari yake ya pili ilianza 16 Januari 2003. Sekunde 82 baada ya kuruka, kipande cha povu gumu kilibanduka kwenye tangi la nje la fueli na kutoboa ukingo wa bawa la kushoto. Wahandisi walitaka bawa lipigwe picha chombo kikiwa bado angani, lakini wakuu wa safari hawakuliendeleza ombi hilo. Tarehe 1 Februari, wakati wa kurudi, hewa yenye joto kali iliingia kupitia tundu hilo, na chombo kikavunjika juu ya Texas, dakika 16 hivi kabla ya muda wa kutua.

Uhindi nayo iliipa setilaiti yake ya hali ya hewa jina la Kalpana-1.