Soul Iliyokatazwa Dar

Mwaka 1997, katika soko la Kasulu, nilinunua kaseti ya mtumba. Ganda lake liliandikwa kwa kalamu tu: "Soul miaka ya 60". Ndani walikuwemo Sam Cooke, Otis Redding, Aretha Franklin na James Brown, wamerundikwa pamoja kama mitumba, hakuna tarehe wala maelezo. Nikanunua mawe manne mapya ya redio, jioni nikaipeleka kwa baba mdogo.

Alisikiliza upande wa kwanza kimya, kikombe cha chai kikimpoa mkononi. Kaseti ilipokatika akasema, "Hizi ndizo tulizokatazwa, mwanangu."

Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania.

Msomaji, tarehe 1 Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana. Vimini, mawigi na suruali za kubana vikapigwa vita. Novemba mwaka huohuo, uongozi wa mkoa ukapiga marufuku muziki wa soul jijini Dar es Salaam. Baba mdogo alikuwa kijana wa vibarua bandarini, na raha yake ya wiki nzima ilikuwa dansi la Jumamosi.

Hoja ya wakubwa siidharau hata kidogo. Mkoloni alitufundisha kuzionea haya ngoma zetu. Ndiyo maana mwaka 1962 Mwalimu aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akieleza kwamba utamaduni ni roho ya taifa. Nchi ambayo haijatimiza miaka minane ya uhuru ilikuwa na haki ya kuogopa kuiga.

Lakini hebu tuirudishie kaseti ile tarehe zake. Mwaka 1963 Sam Cooke alinyimwa chumba hotelini huko Louisiana kwa sababu ya rangi yake; mwaka uliofuata akarekodi "A Change Is Gonna Come", na Desemba hiyohiyo akauawa kwa risasi. Otis Redding alitoa "Respect" mwaka 1965, mwanamume akidai heshima nyumbani kwake. Mwaka 1967 Aretha akaichukua, mwanamke naye akadai yake. Agosti 1968 James Brown akatoa wimbo wa kujivunia weusi. Miezi kumi na mitano baadaye, jiji letu, lililompokea Malcolm X mwaka 1964, likaukataa muziki huo kuwa ni wa kigeni.

Sasa hapo nani alikuwa mgeni wa nani?

"Walituambia ni mambo ya kizungu," baba mdogo alisema. "Mimi nilimwona James Brown kwenye jalada la santuri. Bwana we, mweusi kunizidi!"

Akacheka. Halafu akanieleza kwamba santuri zake sita alizigawa usiku mmoja kwa woga, na aliporudi huku Kasulu hakumsimulia mtu. Karibu miaka thelathini! Nikawaza: hayo yote yamo katika wimbo, ila kwenye ganda la kaseti hayakuandikwa.

Sisi tunaotaka kuandika tuna kazi hapo. Wazee wetu bado wapo barazani. Tuwaulize walicheza nini, na nani aliwazuia.

Kaseti ile ninayo hadi leo. Chini ya majina ya waimbaji niliongeza mstari mmoja kwa kalamu yangu: "Dar es Salaam, Novemba 1969."