Picha za Herufi: Mizani Ambayo Hawakuichagua

Ndugu msomaji, sisi tunaojifunza kuandika tumeshauzoea ule ugomvi wa vina na mizani. Wapo wazee wanaosema shairi lisilo na mizani si shairi, na wapo waliomfuata Euphrase Kezilahabi, ambaye mwaka 1974 alitoa Kichomi na kuzusha mabishano ya miaka mingi. Leo sitaki kuamua ugomvi huo. Nataka twende Marekani, kwa vijana ambao wala hawakuwa washairi, ila walikuta mizani imeshawekwa: safu 80 kwenda upande, mistari 25 kwenda chini. Ndani ya mizani hiyo wakachora picha. Tukiifuata historia yao mpaka mwisho, tutaona inatugusa na sisi.

Tuanze na mashine yenyewe. Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ya mtu binafsi. Wakati huo kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali, kwa hiyo mafundi walibana matumizi. Badala ya kuhifadhi kila nukta ya kioo, mashine ilihifadhi herufi tu. Kioo kiligawanywa vyumba 2,000, na kila chumba kilikula baiti mbili: moja ya kusema ni herufi gani, nyingine ya kusema rangi yake. Jumla baiti 4,000 basi. Linganisha na picha ya nukta kwenye kadi ya rangi ya mashine hiyohiyo: nukta 320 kwa 200, rangi nne tu, baiti 16,000. Hesabu hiyo inaonyesha kwa nini ofisi na programu nyingi zilibaki kwenye herufi. Na kwenye herufi rangi zilikuwa 16 kwa maandishi na 8 kwa mgongo wake, maana alama moja ya rangi ya mgongo ilitengwa kwa ajili ya kufanya herufi iwakewake.

Sasa, chumba kimoja kingeweza kubeba alama yoyote kati ya 256. Kiingereza peke yake hakihitaji hata nusu ya hizo. Nafasi zilizobaki zikajazwa herufi za lugha nyingine za Ulaya, alama za hesabu, mistari ya kuchorea visanduku, pembe zake, na matofali: tofali zima, nusu tofali, na matofali ya vidoti vidoti yaliyofanana na kivuli. Mistari na pembe zilifaa sana kwa kazi za ofisini, kama kutengeneza jedwali la hesabu au orodha ya kuchagulia kazi. Lakini mpe kijana matofali na rangi, halafu umwambie asijenge! Atakusikia kweli?

Tatizo lilikuwa namna ya kuyapanga. Mtu aliyeandika programu kwa Pascal alitakiwa kuhesabu kwa mkono: nenda safu ya 12, mstari wa 5, andika pembe, rudia mstari mara 40, funga pembe. Anaiwasha, anaona kisanduku kimepinda, anarudi kuhesabu upya. Kazi ya kuchosha, bwana.

Mwaka 1986 Ian E. Davis akatoa programu aliyoiita TheDraw. Kwa maneno mepesi, ilikugeuzia kioo kizima kuwa karatasi. Ulisogea kwa vitufe vya mishale, ukachagua rangi, na vitufe vya F1 hadi F10 vikakupa alama ambazo hazipo kwenye kibodi. Ungeweza kukata kipande cha picha ukakihamisha, au kuandika kwa herufi kubwa zilizojengwa kwa alama ndogo. Ukimaliza, iliweza kukutolea kazi yako kama sehemu ya programu ya Pascal au C, ukaibandika kwenye kazi yako bila kuhesabu safu hata moja. Iligawiwa kwa mtindo wa onja kwanza, ukiipenda utume hela.

Halafu kulikuwa na njia nyingine ya kuhifadhi, na hiyo ndiyo iliyoleta mambo. TheDraw iliweza kuiandika picha kwa kanuni za ANSI, yaani alama za siri ndani ya maandishi zinazoiambia mashine: badili rangi, nenda mstari fulani. Picha ikawa maandishi. Na maandishi yanapita kwenye waya wa simu.

Hapa lazima turudi nyuma kidogo. Mwaka 1978, mjini Chicago, Ward Christensen na Randy Suess waliwasha ubao wa matangazo wa kompyuta: unapiga simu kwa modemu, unasoma ujumbe, unaacha wako, unakata. Mbao za namna hiyo zikazaana. Mwaka 1984 Tom Jennings akaanzisha Fidonet, mtandao wa kuziunganisha, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 njia hiyo ilifika mpaka kwetu Afrika Mashariki, ambako mashirika kadhaa yaliitumia kutumiana barua. Kule Marekani kila mwenye ubao alitaka mlango wake upendeze kuliko wa jirani. Nani atamchorea? Ni hao vijana wa TheDraw, wengi wao bado wanafunzi.

Modemu ya kasi ya 2400 ilileta kama herufi 240 kwa sekunde. Kioo kizima kilichukua zaidi ya sekunde nane, na alama za rangi ziliongeza muda. Kwa hiyo mtazamaji hakuiona picha kwa mkupuo. Ilishuka mstari kwa mstari, kama mkeka unaosukwa mbele ya macho yake.

Tukifika hapa nina hoja moja. Watu husema vijana hao walichora kwa herufi kwa sababu kompyuta zao hazikuweza zaidi. Si kweli, au ni kweli nusu. Mwaka 1987 IBM ilitoa VGA, iliyoweza picha za nukta zenye rangi 256. Hata hivyo vikundi vikubwa vya wachoraji wa herufi vilianza baadaye: ACiD mwaka 1990, iCE mwaka 1991. Mashine ilikuwa imeshaweza. Kilichobana ni simu. Mizani ilizaliwa na bei ya kumbukumbu, ikaishi kwa sababu ya waya, na mwisho ikapendwa yenyewe. Vijana walishindana, wakatoa mikusanyo ya kazi zao, wakalaumiana kwa wizi wa michoro, kama wasanii wa popote.

Baada ya Windows 95 na intaneti ya picha kuenea, mbao zikazimwa moja baada ya nyingine. Kazi nyingi zilikuwa kwenye diski za watu, na diski huharibika. Wachoraji wengi walitumia majina ya bandia, hivyo hata aliyetaka kuwatafuta hakujua aanzie wapi. Sehemu kubwa ya tuliyonayo leo ipo kwa kuwa watu wachache walikataa kufuta mafaili yao, wakayaweka kwenye hifadhi ambazo kila mtu anaweza kufungua. Hakuna serikali wala chuo kikuu kilichowatuma.

Ndiyo maana nasema inatugusa. Miswada yetu iko kwenye madaftari, kwenye flashi, kwenye simu zinazoibiwa daladalani. Tunasubiri mchapishaji aje atuambie kuwa ni fasihi. Vijana wale hawakuambiwa na mtu kwamba ni wasanii, na wale waliosubiri kuambiwa kazi zao zimepotea.

Yale matofali, kwa upande wake, hayajafa. Unicode, orodha ya herufi za dunia iliyoanza kutolewa mwaka 1991, iliyachukua pamoja na mistari na pembe zake. Yamo hata kwenye simu iliyoko mfukoni mwako. Vifaa vya wale vijana tunavyo, ndugu msomaji. Kilichobaki ni kuandika, na kutunza.